Siku 4 Firenze na kwaya yetu: anzeni na chokaa, ndipo muingie kwenye maonyesho

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka 2025 kwaya yetu ya parokia hapa Dodoma ilikwenda hija Roma kwa ajili ya Mwaka wa Jubilei. Tulikuwa 20, kina mama 16 na kina baba 4. Hela ya safari tuliichanga kwa miaka 3 kwenye kikoba chetu, kila Jumapili baada ya misa ya pili, na mama mweka hazina hakuruhusu shilingi iguswe. Hata upepo wa Agosti ulipoezua bati za mwenzetu, tulichangishana upya pembeni, mfuko wa safari ukabaki ulivyo.

Ya Roma nimeshayasimulia kanisani. Hapa naandika juu ya siku 4 tulizoongeza Firenze, mji ambao wengi tunauita Florence, maana tangu turudi vikundi vitatu vimeniuliza kama inafaa kwenda, waingie wapi, na nini wasilipie.

Inafaa sana. Ila ratiba tuliyouziwa ilikuwa imepinduliwa. Wakala aliyetuandalia safari alitupangia makumbusho 4 siku ya kwanza na 3 siku ya pili, halafu shughuli za mikono, yaani kuchora na kupika, akazisukumia mchana wa mwisho kana kwamba ni za kupotezea muda. Nilipomwomba abadilishe alisema tiketi zimeshakatwa. Bahati nzuri tulikuwa na sista mmoja Mtanzania anayesoma Roma, aliyekubali kutusindikiza na kututafsiria. Akapiga simu kwenye karakana ya uchoraji, wakatupa nafasi asubuhi ya siku ya kwanza. Makumbusho mawili tuliyaacha na hela yake ikapotea. Sijutii hata senti moja.

Toka Roma hadi Firenze kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu. Sisi tuliokwishazoea SGR hatukushangaa mwendo, tulishangaa mashamba ya mizabibu kwenye vilima. Nina ekari 2 za mizabibu Hombolo, kwa hiyo nilikaa dirishani njia nzima.

Sasa karakana. Ni chumba cha chini katika uchochoro ng'ambo ya mto Arno, na mwenyewe ni mama wa makamo mwenye vidole vilivyopasuka kwa chokaa. Tulilipa euro 45 kila mtu kwa saa 3. Alitufundisha kuchora fresko, ile michoro ya ukutani inayojaa makanisa ya Italia. Nilidhani ni rangi inayopakwa ukutani kama sisi tunavyopaka nyumba. Siyo. Ni lipu. Mama yule alichukua chokaa iliyokwishalowekwa siku nyingi, laini kama mtindi mzito, akaichanganya na mchanga, akatupa kila mmoja kigae na mwiko, akasema: pigeni lipu. Mzee mmoja wa sauti ya nne, ambaye maisha yake yote amekuwa fundi mwashi, aliinua mwiko wake akatabasamu mpaka machozi yakamlenga. Alikuwa amekaa kimya tangu Roma. Pale akawa mwalimu wetu, anapita meza hadi meza anarekebisha mikono ya kina mama, na yule mwenye karakana akamwacha aendeshe somo.

Lipu ikishakaa, unachora ikiwa bado mbichi. Rangi ni unga wa udongo na mawe uliokorogwa kwa maji tu, bila gundi wala mafuta. Chokaa inapokauka inavuta hewa ya ukaa na kugeuka kuwa jiwe tena, na rangi inafungwa humo ndani. Ndiyo maana michoro ya miaka 600 bado ipo: rangi yake imekuwa sehemu ya ukuta. Na ndiyo maana mchoraji wa zamani alipiga lipu kipande kile tu anachoweza kukimaliza siku hiyohiyo. Waitaliano wanakiita giornata, kazi ya siku moja. Ukitazama ukuta kwa karibu, mwanga ukiupiga kwa ubavu, unaona mipaka ya siku.

Mchoro wenyewe tuliuhamisha kwa karatasi iliyotobolewa vitundu kufuata mstari, kisha unaigongagonga kwa kifuko cha unga wa mkaa. Kina mama wanaodarizi vitambaa vya makochi waliielewa kabla sista hajamaliza kutafsiri.

Halafu yule mama akafungua kopo la udongo mwekundu. Alisema hii ndiyo waliyoanza nayo wote: kabla ya lipu ya mwisho, mchoraji alikuwa anachora umbo zima kwa wekundu huu kwenye lipu ya chini, ndipo anafunika kipande kwa kipande. Niliuchovya kidole nikanyamaza. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Nimekua naona wekundu ule kwenye miamba ya Kolo, watu warefu wembamba na wanyama, michoro ambayo mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951 na ambayo tangu 2006 imo katika Urithi wa Dunia. Bibi yangu alikuwa akituambia tusiiguse, na pale Mungumi wa Kolo watu bado hupanda kwenda kutambika. Maisha yangu yote niliitazama kama kitu kilichokuwepo tu, kama mwamba wenyewe. Siku ile Firenze, kidole changu kikiwa na udongo, kwa mara ya kwanza nilifikiri juu ya mkono: kwamba kuna mtu aliusaga udongo huu, akasimama mbele ya jiwe, akaamua mguu wa twiga uanzie wapi. Kule Kondoa hakukuwa na lipu mbichi, rangi ilikwenda moja kwa moja juu ya jiwe. Lakini udongo ni uleule.

Kasoro ya karakana ile: chumba ni kidogo kwa watu 20. Waliokaa nyuma walilazimika kusimama kuona, na choo ni kimoja. Kikundi kikizidi 12, gawanyikeni mara mbili.

Mchana huohuo tukaingia Palazzo Strozzi, jumba lililoanza kujengwa mwaka 1489 na ambalo sasa ni la maonyesho. Yaliyokuwa yakiendelea yalikuwa ya Mwenye Heri Angelico, mchoraji na mtawa Mdominiko aliyefariki Roma mwaka 1455, yule ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1982. Yalifunguliwa 26 Septemba 2025 yakapangwa kufungwa 25 Januari 2026, na yalikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja: pale Strozzi na katika konventi ya zamani ya San Marco, mwendo wa robo saa na ushee kwa miguu. Firenze haikuwa imemfanyia maonyesho makubwa ya peke yake tangu 1955. Kazi zilikuwa zaidi ya 140, zake na za waliokuwa karibu naye.

Niseme kilichotokea, maana ndicho kinachonifanya niandike. Nimewahi kuingia makumbusho na kikundi. Watu hutembea, hupiga picha, baada ya nusu saa wanatafuta pa kukaa. Safari hii watu 20 waliotoka kupiga lipu asubuhi walikuwa wanasogea hadi walinzi wanawaomba warudi nyuma. Picha nyingi za pale Strozzi zilikuwa zimechorwa kwenye mbao na si ukutani, na wenzangu waliliona hilo wenyewe, wakaanza kuuliza: dhahabu hii imebandikwaje? Huyu naye alitoboa karatasi? Kulikuwa na picha kubwa ya Yesu akishushwa msalabani iliyoanzwa na mchoraji mwingine, Lorenzo Monaco, na Angelico akaimalizia. Fundi wetu alisimama mbele yake muda mrefu. Aliniambia, "Mwanangu, kumalizia nyumba aliyoianza mwenzako ni kazi ngumu kuliko kuanza msingi." Sijasikia maelezo bora zaidi ya picha ile, na tulikuwa na vipokea sauti vya maelezo masikioni.

Jambo jingine lililonigusa ni picha ya altareni ya San Marco. Zamani ilitenganishwa na vipande vyake vikaishia Munich, Paris, Dublin, Washington na kwingineko. Walivikusanya kwa maonyesho haya ili vionekane pamoja. Vipande vya chini vinasimulia habari za watakatifu Kosma na Damiano, wale madaktari wafiadini, na kina mama wa jumuiya yetu ya Kosma na Damiano walivifuata kimoja kimoja kama wanaosoma barua ya nyumbani. Maonyesho yakiisha kila kipande kilikuwa kirudi nchi yake. Nikafikiria ndugu waliokutana msibani.

Na Hukumu ya Mwisho, ambayo ni mali ya makumbusho ya San Marco, isikupiteni. Upande mmoja wa picha, kwenye bustani ya paradiso, malaika na waliookoka wameshikana mikono wanacheza duara. Sisi kwetu Ugogo tunajua mbingu ina ngoma. Kuona mtawa wa miaka 600 iliyopita naye alijua, nilifurahi kweli.

San Marco tulikwenda asubuhi iliyofuata, tukiwa wabichi, na nashauri mfanye hivyohivyo, msiunganishe siku moja. Ni nyumba waliyoishi watawa, na Angelico alichora fresko ndani ya vyumba vyao vya kulala, kila chumba na picha yake, ili mtawa asali mbele yake. Unapanda ngazi, unainua macho, na juu kabisa ukutani yuko Malaika Gabrieli mbele ya Maria: Kupashwa Habari. Chini ya picha kuna maneno ya Kilatini yanayomwambia anayepita kwamba afikapo mbele ya sura ya Bikira asiache kusema Salamu. Sista alitutafsiria kwa kunong'ona. Hakuna aliyepanga. Bibi yetu wa miaka 71 alianza, "Salamu Maria, umejaa neema," nasi tukaitikia kwa sauti ya chini, pale kwenye ngazi. Watalii waliokuwa nyuma yetu walisubiri. Mlinzi alivua kofia. Nilitazama ukuta nikaona mpaka wa siku, mstari mwembamba kwenye lipu, kama yule mama wa karakana alivyotuambia.

Kwa hilo peke yake ningerudia safari yote, na foleni za viza.

Mengine nitayapitia haraka. Mchana wa siku ya pili tulicheza mchezo wa kusaka vitu mjini, vikundi vya watu 5, kila kikundi na karatasi ya vidokezo. Kuna kampuni zinazouza mchezo huu kwa bei kubwa. Sisi sista alituandalia mwenyewe kwa karatasi na kalamu, na nyinyi mnaweza. Tafuteni duara la marumaru nyeupe lililolazwa chini nyuma ya Kanisa Kuu: ndipo ulipoangukia mpira wa shaba wa juu ya kuba ulipopigwa na radi mwanzoni mwa karne ya 17. Tafuteni uso uliochongwa kwa mikwaruzo kwenye ukuta wa Palazzo Vecchio, ambao watu wa mji husema ni wa mkono wa mchongaji Michelangelo. Tafuteni nguruwe wa shaba wa Soko Jipya, pua yake inang'aa kwa kushikwashikwa. Na tafuteni vibao vinavyoonyesha maji yalifika wapi tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulipofurika. Karibu na kanisa la Santa Croce kibao kiko juu sana kupita kichwa cha mtu. Vijana kutoka nchi nyingi walikuja kutoa matope kwenye vitabu na picha, na mpaka leo wanawaita malaika wa matope. Hapo mchezo ulisimama kidogo. Mmoja wetu ana watu wake Gulwe, anajua mto ukiingia ndani unaacha nini.

Darasa la kupika lilikuwa la furaha, ila sikulipenda kama la chokaa. Unga gramu 100 kwa yai moja, unakanda, unaupumzisha, unasukuma. Kina mama waliosukuma chapati toka utotoni walimaliza kabla ya mwalimu, na chapati zao za tambi zilikuwa nyembamba mpaka unaona mbao chini yake. Akatuuliza tumejifunza wapi. Tukaimba tukisubiri maji yachemke, majirani wakafungua madirisha. Kosa ni bei: euro 70 kwa mtu, mvinyo wa mezani ukihesabiwa humo hata kwa wasiokunywa. Muulize kwanza, mpunguziwe.

Mkitaka kula vizuri kwa hela ndogo, nendeni kwenye vibanda vinavyouza lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa na mboga mpaka limelainika, linakatwakatwa na kuwekwa ndani ya mkate na mchuzi wa kijani. Mtu aliyekula supu ya utumbo Majengo asubuhi hatahitaji kushawishiwa. Mkate wa huko hauna chumvi, msidhani wamesahau. Epukeni mikahawa inayotazama viwanja vikubwa. Tulikaa kwenye mmoja, tukatozwa hela ya kukalia kiti juu ya chakula, na chakula chenyewe kilikuwa kimepoa. Hiyo hela ya kiti ipo sehemu nyingi kihalali, wanaiita coperto, lakini lazima iandikwe kwenye orodha ya bei. Isomeni kabla ya kuketi. Kahawa inyweni mmesimama kaunta, ni nafuu zaidi.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba yoyote, nami nilikipenda kupita kiasi, ni vidirisha vya mvinyo. Kwenye kuta za majumba ya matajiri wa zamani utaona kijidirisha chenye umbo la mlango wa kanisa, kidogo kiasi cha kupitisha chupa na mkono. Mjini viko zaidi ya 150. Katika karne ya 16 mtawala Cosimo wa Kwanza aliwaruhusu wenye mashamba kuuza mvinyo wao moja kwa moja kutoka nyumbani, bila kupitia wenye vilabu. Mkulima anatoa chupa, mnunuzi anatoa hela, hakuna wa katikati. Wakati wa tauni ya miaka ya 1630 vilisaidia watu wasigusane, na mwaka 2020 wakati wa korona baadhi vikafunguliwa tena. Nilisimama mbele ya kimoja nikagonga, mkono ukatoka na glasi. Nilimwambia sista amwambie mwenye mkono kwamba kwetu Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hakuamini. Alichungulia kidirishani amwone anayesema hivyo. Mimi nikifikiria msimu ambao wanunuzi walichelewa na zabibu zangu zikakauka kwenye mizabibu, nafikiria kidirisha kile. Wakulima wenzangu wa Hombolo na Mpunguzi, lizungumzeni hili kwenye vikao vyenu.

Makumbusho makubwa: Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu, na tiketi ya kikundi ikatwe mapema sana. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo, iliyoko Accademia, ina urefu wa mita 5.17 na hakuna picha inayokuandaa kwa mikono yake. Uffizi ni kubwa mno kwa kikundi chenye wazee. Chagueni vyumba 5, ketini humo, vingine mwachieni Mungu. Kuba la Kanisa Kuu lina ngazi 463 na hakuna lifti. Walipanda vijana watatu, sisi tukawasubiri chini na rozari.

Viatu viwe vilivyokwishavaliwa, maana barabara ni za mawe. Bebeni vitenge vya ziada, kwa sababu mtarudi na vigae na vigae ni vizito. Vyetu tulivifunga kwa vitenge na kuvibeba mkononi. Hata hivyo cha bibi yetu kilivunjika vipande viwili kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Alivikusanya bila neno, na sasa mzee fundi anamuunganishia kwa chokaa.

Changu kimetundikwa dukani kwangu nyuma ya kaunta. Nilichora twiga mmoja wa Kolo, kwa ule udongo mwekundu. Wateja wanaokuja kununua daftari wanauliza ni cha wapi, nami nawaelekeza njia ya Kondoa.